Picha Mbili za Tumbo la Fundi

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa muuguzi wa chumba cha kamera, na wagonjwa walishaacha kumwita kwa jina lake. Walimwita Dada Kamera. Ndiye aliyewapulizia kooni ile dawa chungu ya ganzi, akawawekea mdomoni kipande cha plastiki cha kung'ata, kisha akawashika bega daktari alipokuwa akipitisha mpira mweusi wenye taa mpaka tumboni. "Pumua kwa pua," aliwaambia. "Mate yaache yatoke, humu ndani hakuna ustaarabu." Watu wazima na vyeo vyao na ndevu zao walimng'ang'ania mkono kama watoto wanaovuka barabara. Kila jioni aliiosha mipira ile kwa brashi ndefu, mmoja baada ya mwingine, hadi ngozi ya vidole ikakunjamana.

Alikuwa mtu wa utani. Kukasirika alikasirika mara chache, lakini mumewe, ambaye alikuwa mchomelea vyuma, alisema siku hizo chache ni heri mtu abaki karakana acheze na mtungi wa gesi.

Hasira ya safari hii ilianzia kwa mama mkwe. Huyu alikuwa mjane, fundi cherehani aliyeshona sare za wanafunzi mpaka magoti yakakataa kukanyaga pedali. Kwa ajili ya magoti hayo alimeza dawa za maumivu miaka nenda miaka rudi, na zile dawa zikamchoma tumbo. Hospitali wakampa kidonge kimoja cha kupunguza asidi, akimeze kila asubuhi kabla ya kula. Alikuwa anaendelea vizuri. Aliishi na binti yake, wifi yake Dada Kamera, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa bado na vipande vya vitambaa vya bluu kila kona.

Wifi alikuwa karani wa shule binafsi. Shule ilipofungwa, alikaa miaka miwili bila kazi, akipiga pasi nguo zile zile na kuchungulia dirishani. Mtu aliyezoea kugonga mihuri, watu wakimngoja mlangoni, kukosa wa kumngoja ni msiba. Kwa hiyo aliporudi nyumbani siku moja amevaa koti jipya na beji kifuani, MSHAURI WA AFYA YA UTUMBO, mama yake alilia kwa furaha.

Jumapili iliyofuata aliwaita wote kwenye chakula cha mchana. Sahani zilipoondolewa, alipanga mezani makopo madogo meupe yenye vifuniko vya zambarau.

"Hizi si dawa, wifi, nisikilize kwanza," alisema. "Hizi ni peptidi. Ni vipande vidogo sana vya protini, vinatolewa kwenye utumbo wa ndama. Ukimeza, vinakwenda moja kwa moja kwenye utumbo wako, vinaziambia chembe zilizochoka: amkeni, jijengeni upya. Profesa, mwenye kampuni yetu, ametufundisha wiki mbili."

"Vinaijuaje njia?" Dada Kamera aliuliza.

"Njia gani?"

"Ya kwenda kwenye utumbo. Protini ikifika tumboni inavunjwavunjwa, ndiyo kazi ya tumbo. Haiulizwi imetoka mguuni wala kwenye ini. Sasa hivi vyenu vimepewa ramani? Basi mimi nikila ubongo wa mbuzi nitafaulu hesabu."

Mumewe akapasuka kicheko. Kisha akamwona dada yake, na kicheko kikamfia kooni. Wifi alikuwa ameinamisha kichwa, anayarudisha makopo kwenye mkoba, moja moja.

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Nipe mimi la kwangu, mwanangu," alimwambia binti yake. "Wenye vyeti wacheke."

Baadaye, alipokuwa akiyafikiria yote, Dada Kamera alijilaumu kwa lile neno la ubongo wa mbuzi kuliko kwa jingine lolote. Alikuwa na haki, lakini aliitumia haki yake kama fimbo, na toka siku hiyo kila alichosema juu ya tumbo la mama mkwe kilihesabiwa kuwa ni wivu. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Watu walisafiri siku nzima kuja kushikwa bega naye, lakini mtu wa nyumbani kwake alimeza unga wa ndama kwa sababu yeye alishindwa kuufunga mdomo.

Wiki ya tano akapita pale nyumbani akitoka kazini. Mama mkwe alimfungulia mlango, akaegemea fremu kupumua, kana kwamba ametoka kupanda ghorofa nne. Dada Kamera akamshika mkono kumsalimia, na hakuuachia. Akaugeuza kiganja. Kilikuwa cheupe kama karatasi.

"Mama, choo kinatoka rangi gani?"

"Ala!" Mama mkwe akavuta mkono. "Mkwe anamuuliza mkwewe mambo ya chooni! Ndivyo mnavyofundishwa huko?"

"Nisamehe, mama. Lakini niambie."

Bibi yule akatazama pembeni. Wifi ndiye aliyejibu kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu anayesoma kijitabu. "Ni cheusi. Tunajua. Profesa ametueleza. Ni sumu ya miaka mingi inatoka, utumbo unajisafisha."

Dada Kamera alihisi masikio yanapata moto. "Cheusi kama lami? Kinanata? Kina harufu kali?"

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa.

"Hiyo si sumu, hiyo ni damu! Damu inayovuja tumboni ikishuka inakuwa nyeusi. Na kile kidonge cha asubuhi unameza, mama?"

"Alikiacha," wifi akasema. "Dawa za hospitali zinagombana na peptidi."

"Nani kasema zinagombana?"

"Aliyesoma kukuzidi."

Dada Kamera alitaka kumbeba mama mkwe saa ile ile kama mzigo wa kuni. Bibi akakaa kwenye kiti chake cha cherehani, akashika pembe za meza, akasema haendi popote, hatachunguliwa tumboni na mke wa mwanawe. Dada Kamera akampigia mumewe simu. Mumewe akasikiliza, nyuma yake mashine zikilia, kisha akasema maneno ambayo ilimchukua muda kusamehewa: "Hilo waachie mama na dada. Nitapita kesho niongee nao taratibu."

Kesho yake alfajiri mama mkwe alianguka bafuni.

Wakamleta hospitali wamemfunga kanga, midomo imekauka, mapigo ya moyo yanakimbia. Wakamtundikia chupa mbili za kwanza za damu kabla hata ya kuuliza mengi. Kwa utaratibu wa kazi, Dada Kamera hakutakiwa kumhudumia ndugu yake, na mwenzake alikuwa tayari amevaa glovu. Lakini mama mkwe, aliyekataa kuchunguliwa na mke wa mwanawe, alipofikishwa mlangoni alitazama ile mitambo na taa, akasema kwa sauti ndogo, "Yuko wapi mkwe wangu?"

Dada Kamera akaenda akasimama upande wa kichwa, akamshika bega.

"Pumua kwa pua, mama. Mate yaache yatoke."

Kwenye kioo walikiona wote. Kidonda kipana karibu na mlango wa kutokea tumboni, na katikati yake kijishipa kinachotema damu, polepole, kila moyo unapopiga. Daktari akakibana kwa vibanio viwili vidogo vya chuma. Damu ikasimama. Daktari, mtu asiyependa maneno mengi, alivua glovu na kusema, "Siku moja zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine."

Dada Kamera alitoka nje akanawa uso. Aliporudi wodini alimkuta wifi ameketi pembeni ya kitanda, beji bado kifuani, macho mekundu. Kama angenyamaza tu, siku ile ingeisha. Lakini mfa maji haachi kutapatapa.

"Usifikiri hazifanyi kazi," wifi alisema. "Mama alichelewa kuanza, ndiyo maana. Wenzake wamepona. Ona mwenyewe." Akamtupia karatasi laini ya matangazo. Juu yake kulikuwa na picha mbili kubwa za rangi, za tumbo lililopigwa kutoka ndani. Ya kwanza, KABLA, ina kidonda chenye umbo la haragwe. Ya pili, BAADA YA WIKI NANE ZA PEPTIDI, ni nyama nyororo ya waridi, imebaki alama ndogo tu.

Dada Kamera akaitazama. Akaisogeza dirishani. Akaitazama tena.

Pembeni kulia mwa kila picha kulikuwa na kitone cheusi, kidogo kama punje ya ufuta. Kila aliyefanya kazi kwenye chumba kile alikijua. Kilikuwa ni kasoro ya kamera yao ya zamani, ilipigwa na kitu ikavunjika kidogo, wakaitumia hivyo hivyo karibu mwaka mzima wakisubiri mpya. Na kidonda cha haragwe alikikumbuka pia, kwa sababu ya mwenye nacho. Alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno mengi, ambaye kabla ya kupuliziwa ganzi alisema, "Mkikuta spana yangu humo ndani mnirudishie, nimeitafuta sana." Walicheka hadi daktari akasubiri.

Fundi yule alikutwa na bakteria wa vidonda vya tumbo. Alipewa antibiotiki za aina mbili na dawa ya asidi, siku kumi na nne. Alirudi baada ya wiki nane, wakampiga picha ya pili, kidonda kimefunga. Dada Kamera ndiye aliyemkabidhi nakala za picha zote mbili mkononi.

Alitaka kuyasema yote, akajizuia. Siri ya mgonjwa haisemwi wodini, hata mbele ya mwongo. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Wao wameosha mipira mpaka ngozi imekunjamana, daktari ameinama mpaka mgongo umepinda, mgonjwa naye amevumilia vidonge vinavyotia mdomo uchungu wa shaba, kisha mtu mmoja amekaa ofisini kwake na mkasi, akakata tarehe na jina la hospitali, akaandika "peptidi". Na kwa kazi yao hiyo hiyo amemshawishi mama mkwe aache dawa.

Jioni ile alimtafuta fundi. Namba yake ilikuwa kwenye kibao mlangoni pa duka la vifaa vya maji, na alimkuta huko, amechuchumaa, anafunga uzi kwenye koki. Dada Kamera akaifungua ile karatasi mbele yake.

Fundi akaitazama kwa kuinamisha kichwa kushoto, kisha kulia. "Hii haifanani na bomba lolote ninalolijua."

"Itazame vizuri."

Akaitazama. Taratibu akasimama. "Dada Kamera... hili si tumbo langu?"

"Mimi siruhusiwi kusema ni la nani. Nakuuliza wewe."

"Ni langu! Mke wangu alizibandika jokofuni hizi picha mwezi mzima ili nisiguse pilipili!" Akapiga paja. Kisha akakumbuka, na uso ukabadilika. Alishaitwa kuziba bomba la choo katika ofisi ya Profesa. Katika maongezi akajisifu kuhusu tumbo lake lililopona, akatoa picha kwenye simu. Profesa akaomba atumiwe, eti zitie moyo wagonjwa wengine. "Nikampa. Nilidhani ni mambo ya kheri. Kumbe mtu nimemzibia choo, naye ananifungulia kingine!"

"Nyuma ya karatasi wameandika Jumamosi saa sita wana semina," Dada Kamera alisema. "Mimi nitakwenda. Wewe si lazima."

"Tumbo liende peke yake?" fundi akasema.

Semina ilikuwa kwenye ukumbi wa juu ya duka la vifaa vya umeme. Viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe, feni zinazungusha joto lile lile, na watu wapatao mia, wengi wao wazee, wamekaa na mifuko mapajani. Mlangoni, kwenye meza ya kuandikisha wageni, alikaa wifi. Alikuwa ametoka wodini asubuhi ile ile. Alipomwona Dada Kamera, aliinua kalamu kama anayetaka kumzuia nayo, kisha akaishusha.

"Umekuja kunicheka tena?"

"Sikuja kwa ajili yako, wifi. Na lile neno la siku ile, nilikosea."

Wifi aliliandika jina la Dada Kamera kwenye orodha, kwa ule mwandiko wake mzuri wa ukarani.

Dada Kamera alitarajia kumkuta Profesa ni mpiga kelele. Wapi! Alikuwa mtu wa makamo, mpole, koti jeupe limepigwa pasi, sauti ya chini inayomfanya mtu ainame kusikiliza. Aliwaita wazee "wazazi wangu". Alimletea bibi mmoja maji kwa mkono wake. Alieleza peptidi kwa mfano wa mafundi wanaokarabati nyumba iliyochakaa, na hata Dada Kamera mwenyewe, akiwa amechoka vile, alihisi jinsi ilivyo tamu kuambiwa kwamba ndani yako kuna mafundi wanaongoja kuamshwa tu. Halafu kwenye ukuta zikatokea zile picha mbili, kubwa kama mlango.

"Huyu ni mgonjwa wetu," Profesa alisema. "Hospitali walishamkatia tamaa."

Dada Kamera akasimama. "Samahani. Mgonjwa huyo alikatiwa tamaa na hospitali gani?"

"Dada yangu, maswali tutayapokea mwisho."

"Ninauliza kwa sababu mimi ni muuguzi wa kamera ya tumbo. Picha hizo mmezikata tarehe. Kwa nini?"

Ukumbi ukanong'ona. Profesa hakutikisika. Alitabasamu kwa huzuni kidogo, akawageukia watu. "Wazazi wangu, mnaona? Nawaambia kila siku, wenye hospitali hawafurahi mkipona. Mkipona wote, wao watakula wapi?"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mzee mmoja akamwambia Dada Kamera akae chini aache wivu. Neno lile lile. Alisimama palepale, na yale aliyotakiwa kuyasema ndiyo hasa asiyoruhusiwa.

Ndipo kutoka safu ya nyuma ikasikika sauti: "Hilo tumbo ni langu."

Vichwa vyote vikageuka. Fundi bomba alikuwa amevaa shati lake la sikukuu, na mkononi ameshika bahasha. Akaja mbele akizipanga hatua, akatoa picha zenye tarehe na muhuri wa hospitali, akampa bibi wa safu ya kwanza azitazame na kuzipitisha.

"Sikukatiwa tamaa na mtu," alisema. "Nilipewa vidonge vya hospitali siku kumi na nne. Mdomo ulikuwa mchungu hadi nikawa nagombana na mke wangu bila sababu. Nikapona. Huyu bwana namjua kwa bomba la choo chake, basi."

"Lakini ndugu yangu," Profesa akasema kwa upole ule ule, "si nilikupa na kopo la peptidi?"

"Ulinipa, siku ile ya bomba, mimi nimeshapona miezi mitatu. Vidonge nilimwaga. Kopo natunzia mipira ya koki, ni kopo zuri sana."

Sasa kicheko kikageukia upande wa pili. Lakini mama mmoja mnene akasimama katikati, amekasirika kwelikweli, akasema yeye zimemsaidia, tumbo lilikuwa linamjaa gesi na sasa halijai, na asiyetaka aache.

Dada Kamera akamgeukia yeye badala ya Profesa. "Mama, sikatai kwamba umepata nafuu. Nafuu ni yako, hakuna wa kukunyang'anya. Na peptidi zipo, hata mwilini mwako zipo, kuna watafiti wanazichunguza. Wakipata dawa humo, ikapimwa ikathibitika, mimi nitakuwa wa kwanza kuwapa wagonjwa. Ninachouliza ni hiki: kama ni nzuri hivyo, kwa nini waibe picha za dawa nyingine? Na mtu akija anatoka damu, kwa nini aambiwe ni sumu inatoka, aache dawa yake? Juzi mama yangu mkwe ameokotwa bafuni. Amewekewa damu chupa nne!"

Wazee wakageuza vichwa kumtazama Profesa.

Kwa mara ya kwanza Profesa aliongea haraka. "Sisi hatujawahi kumwambia mtu aache dawa za hospitali. Kamwe. Kama kuna mshauri wetu aliyesema hivyo, amesema kwa ujinga wake mwenyewe. Wengine tunawachukua huko mitaani hawana hata kazi, tunawasaidia, halafu wanatutia aibu."

Mlangoni kiti kilisukumwa. Wifi alikuwa amesimama.

Alitembea kati ya viti akiwa na simu mkononi, na hakumtazama mtu. Alipofika mbele alichukua kipaza sauti mezani, akakisogeza karibu na simu, akabonyeza. Sauti ya Profesa, ile ile laini, ikajaa ukumbi: "Mshauri wangu, usiogope. Choo cheusi ni dalili njema, sumu inatoka. Mwambie mama aziache zile za hospitali, zinagombana na peptidi. Na aongeze dozi, mara mbili."

Akaibonyeza tena. Ikasema tena.

"Huyo mama ni mama yangu," wifi alisema, na sauti ilipokatika hakuisubiri irudi. "Nilikuwa namwamini huyu kuliko ndugu zangu. Nilimmezesha mama yangu kwa mkono huu." Akaing'oa beji kifuani. Ilikuwa imeshonewa, maana yeye ni mtoto wa mshonaji, kwa hiyo ilitoka na kipande cha koti.

Yaliyofuata yalikuwa vurugu. Watu walisimama, wengine wakidai kusikilizwa, wengine wakimtetea, yule mzee wa wivu akiuliza kwa sauti kama na yeye choo chake ni damu. Profesa alitoka kwa mlango wa nyuma, koti jeupe begani. Jumatatu wakaguzi wa dawa walikwenda ofisini kwake, wakayakuta makopo yasiyosajiliwa, wakaweka kufuli na kumfungulia mashtaka. Alipata dhamana siku hiyo hiyo. Kesi ikaanza kuahirishwa, na inaahirishwa mpaka leo.

Dada Kamera alidhani kazini watampongeza. Alipewa barua: aeleze kwa maandishi kwa nini alizungumza hadharani kama mtumishi wa hospitali bila kibali. Aliisoma mara tatu, amesimama kati ya ndoo za sabuni ya kuoshea mipira. Mwizi wa picha yuko nje kwa dhamana, naye ndiye wa kujieleza! Akaandika ukurasa mmoja. Aliandika kwamba hakutaja jina la mgonjwa wala ugonjwa wa mtu asiyempa ruhusa, na kwamba kama angenyamaza angestahili barua kubwa kuliko hii. Wakampa onyo, likawekwa kwenye faili lake. Daktari asiyependa maneno mengi alilisoma, akasema, "Upuuzi," akaenda kuita mgonjwa anayefuata.

Mama mkwe alitoka wodini baada ya siku tisa. Mwanawe, mchomelea vyuma, alikuja kumchukua, na ndani ya gari akamwomba mkewe msamaha kwa ile simu. Hakutafuta maneno mazuri. Alisema tu kwamba aliogopa kugombana na dada yake kuliko alivyoogopa kumpoteza mama yake, na anaona aibu. Mkewe alimwambia aangalie barabara.

Wifi ndiye aliyelianzisha jambo la mwisho. Alikuja na daftari, kurasa zimepigiwa mistari kwa rula, zina majina ya watu kumi na tisa aliowauzia. "Nataka kwenda kwao wote," alisema. "Lakini peke yangu siwezi."

Wakaenda wawili, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko. Wengine waliwakaribisha chai. Wengine waliwasikiliza kupitia dirishani. Mwanamke mmoja alimmwagia wifi maji ya kuoshea vyombo miguuni, na wifi akasimama pale akamaliza anachosema, viatu vimelowa. Wengine walikuwa bado wanameza na hawakutaka kusikia. Kumi na mmoja walikubali kuja kupimwa.

Kumi walikutwa na mambo ya kawaida, ya kutibika. Wa kumi na mmoja alikuwa dereva mstaafu wa lori, mkimya, aliyemeza vidonge vile miezi saba, kwanza vya mshauri mwingine kisha vya wifi, huku chakula kikimkwama kifuani na suruali zikizidi kumpwaya. Kila alipolalamika aliambiwa utumbo unajijenga. Dada Kamera alimshika bega. Kwenye kioo aliuona uvimbe mbaya kabla daktari hajasema, na akaendelea kumwambia apumue kwa pua.

Wifi alikuwa anangoja kwenye benchi la korido, daftari mapajani. Alimsoma usoni.

"Kama angekuja miezi saba iliyopita, angepona?" aliuliza.

Dada Kamera aliketi karibu naye. Kulikuwa na majibu laini ya kumpa, na aliyajua yote, ndiyo kazi yake.

"Sijui," alisema. "Labda ingekuwa vilevile, labda isingekuwa. Lakini angekuwa na miezi saba ya kupambana. Hiyo ndiyo waliyomwibia."

Wifi akafunga daftari. Hakulia. Alikaa ameukaza uso, na Dada Kamera aliitambua ile hasira, kwa kuwa ilikuwa sawa na yake. Wifi akauliza tarehe ya kesi inayofuata. Alipoambiwa, aliiandika, akaipigia mstari kwa rula.

"Wataahirisha tena," Dada Kamera alisema.

"Waahirishe," wifi akasema. "Mimi nitakuwa nimekaa mbele."

Mlango wa chumba cha kamera ukafunguliwa, na dereva mstaafu akatoka akiwa ameshika ukuta, koo bado lina ganzi. Wote wawili wakasimama kwenda kumpokea.